Pikipiki gani ununue Nairobi ukishavuka miaka arobaini: nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho

Muuzaji hatakuuliza hii kitu kwa hivyo wacha nikuulize mimi: ukikaa kwa hiyo pikipiki nyayo zako mbili zinafika chini vizuri, ama unaning'inia na vidole? Na ikilala upande, unaeza kuiinua peke yako bila kuita vijana wa steji? Kama jibu ni hapana basi mambo ya cc na spidi na rangi tusiyaguse kwanza, hiyo si yako, songa kwa ingine. Wengi wa rika letu wananunua wakiwa na picha kichwani ya ile pikipiki walitamani wakiwa na miaka ishirini na mbili na pesa yote imeishia kwa karo, sasa pesa imepatikana, sako imetoa mkopo, watoto wako kampasi, na goti la kushoto limeanza kuuma kabla mvua inyeshe. Ukienda shourumu enda na goti hilo hilo, likuchagulie.

Nimeandika nikifikiria mtu wa arobaini na kitu mpaka sitini hivi, mwanaume ama mwanamke, anatoka Kitengela, Rongai, Utawala, Ruaka ama Juja anaenda kazi na kurudi, na mara moja moja wikendi anataka kufika Magadi ama Naivasha anyooshe akili. Si ya mtu wa boda, yeye hesabu zake ni zingine kabisa.

Mambo ya pesa tuyamalize haraka. Watu hudhani wataokoa nauli. Kitengela mpaka tao ni kama kilomita 30, kwenda na kurudi 60, pikipiki ya 150 inakupa kama kilomita 45 kwa lita ukiendesha kwa adabu, kwa hivyo hapo ni lita moja na kitu. Hata ile Oktoba ya 2023 petroli ilipogonga shilingi 217 Nairobi bado hiyo safari ingekula chini ya mia tatu. Ni poa, lakini ongeza bima, taya, oili, cheni na nguo za mvua, halafu linganisha na matatu ya asubuhi isiyo na mvua, utaona tofauti si kubwa vile ulidhani. Kile unanunua ni masaa, yale masaa ya kukaa Mombasa Road ukiangalia nyuma ya lori. Na kabla uulize, Expressway pikipiki haziruhusiwi tangu ifunguliwe 2022, kwa hivyo utakuwa huku chini na sisi wengine.

Leseni pia haraka. Ile ya gari, B, haikuruhusu kuendesha pikipiki hata kama umeendesha gari tangu enzi za Moi. Unatakiwa uwe na A2, inaongezwa kwa akaunti yako ya NTSA, wale wa leseni na usajili, baada ya kuchukua leseni ya muda, kwenda shule na kufanya mtihani. Wasee wengi wanaruka hii, wananunua kwanza wanajifunza kwa njia ya nyuma ya estate, halafu siku ya ajali bima inauliza leseni na hapo ndio unajua ulikuwa unalipa bure. Shule ya pikipiki ni pesa kidogo ukilinganisha na bei ya pikipiki yenyewe, lipa, na ukimaliza mwambie mwalimu akuongeze masomo ya kufunga breki ghafla kwa lami yenye maji, hiyo ndio utaihitaji zaidi.

Sasa venye nimezipanga. Ya kwanza ni uzito na urefu wa kiti, ya pili breki, ya tatu spea na fundi, ya nne barabara yako. Bei nimeiweka mwisho kwa makusudi.

Breki wacha nikae hapo kidogo. Ukiwa 60 kwa saa unakula karibu mita 17 kila sekunde. Ukiwa na miaka hamsini ile sekunde ya macho kuona matatu imekatiza, kichwa kuelewa na mkono kubana, inakuwa ndefu kidogo kuliko ya kijana, hakuna haja ya kubishana na hilo. Kwa hivyo pikipiki yako lazima ikusaidie mahali mwili umeanza kukawia. Breki ya mbele ndio hufanya kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki, na pikipiki nyingi za hapa zina dramu mbele na dramu nyuma, zinafunga sawa zikiwa kavu na mpya, lakini ukibeba mtu unateremka kutoka Ngong na dramu zimeshika joto unaanza kusikia livya inaingia ndani zaidi ya kawaida. Disku mbele ni bora, disku na ABS ni bora zaidi juu ABS inazuia gurudumu lisijifunge ukibana kwa hofu, na mtu ambaye amerudi kwa pikipiki baada ya miaka ishirini atabana kwa hofu, nakuhakikishia.

Kitu ingine watu hawaongelei ni hewa yetu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, Limuru inapita 2,200, na injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Maana yake ile nguvu imeandikwa kwa karatasi ilipimwa mahali hewa ni nzito, huku kwetu unapata pungufu kabla hata ujiongeze wewe na kitambi na mama watoto nyuma. Ndio maana 100cc inayosifiwa kule Mombasa inalia ukipanda kutoka Mai Mahiu. Zenye injeksheni zinajirekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa zenyewe, za kabureta zinaeza kuwa zinakula petroli zaidi na kutoa moshi mweusi mpaka fundi azicheze. Kwa mtu mzima wa kilo tisini, mimi chini ya 125 sipendekezi, na 150 ndio pahali unaanza kupumua.

Haya, namba moja.

Namba moja ni 150 ya kawaida. Bajaj Boxer BM150 ama TVS HLX 150. Najua ulitarajia kitu cha kupiga picha nacho, pole. Hizi zina uzito wa kama kilo 120 na kitu, kiti kiko chini, unaiinua ikilala, unaisukuma rivasi kwenye paking bila kutokwa jasho, na ukipasua taya Emali Jumapili jioni kuna kijana na tyubu yake mita hamsini kutoka hapo. Spea Kirinyaga Road ziko kila duka, cheni na sproketi na klachi na brekishuu, na fundi wa kila steji ameshafungua hiyo injini akiwa amefumba macho. Hiyo ndio sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba mtu anayeanza tena ataiangusha, kwa kokoto, kwa geti, kwa paking ya ofisi watu wakiangalia, na indiketa ya Boxer si kitu ya kukunyima usingizi. Mpya zinacheza karibu laki mbili, kuna zenye ziko chini ya hapo na kuna maduka yanapandisha, ulizia pahali tofauti tofauti kabla utoe deposit.

Lakini ukinunua hii fanya mambo mawili matatu. Uliza kama kuna toleo lenye disku mbele, yako, ingawa nyingi utakazoona shourumu ni za dramu kwa sababu mteja wao mkubwa ni boda na yeye anataka kitu rahisi. Badilisha taya ukiweza, weka zenye mpira mzuri wa mvua. Kiti chake kirefu kilitengenezewa abiria wawili na gunia, kwa mgongo wa mtu wa makamo kinachosha baada ya saa moja, kuna mafundi wa viti Kariobangi na kwingine wanakukatia sponji upya kwa pesa kidogo, hiyo ni pesa imetumika vizuri kuliko stika na mataa ya rangi. Na uzoee kuitwa. Utasimama kwa taa umevaa suti na mtu atakuja na begi aseme "boss, Upper Hill ngapi", ukimwambia wewe si boda atakuangalia vibaya kama umemringia. Boda nao hawatakiwi tao, na askari wa kaunti wakiona Boxer na rifleksa ya manjano hawakuulizi kama una digrii, kwa hivyo boksi ya nyuma ya heshima na jaketi la pikipiki la rangi tofauti zinakupunguzia maneno. Tena hizi ndio wezi wanapenda kwa sababu hiyo hiyo ya spea kuwa na soko. Kufuli ya gurudumu na traka, usibishane.

Kama unataka ndugu yake mpole zaidi na hutabeba mtu sana, Yamaha YBR125G ina disku mbele na imetulia, ukipata moja iliyotunzwa chukua. Nguvu ni kidogo, spea zina bei zaidi, lakini hakuna mtu atakusimamisha akuulize Upper Hill ngapi.

Namba mbili ni skrambla ndogo, zile za njia mbaya, na ile naweka mbele ni Honda XR150L. Kilo 129, disku mbele, tanki la lita 12, shoki ndefu zinazomeza yale matuta yasiyo na rangi wanaweka usiku. Kwa mtu anayeishi pahali lami inaisha kilomita mbili kabla ya nyumba, Kamulu, Joska, Kiserian ndani ndani, Kantafu, hii kwangu inapanda inakuwa namba moja bila mjadala. Ile udongo nyeusi mvua ikinyesha Aprili ama Novemba inajaza madigadi ya Boxer mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, skrambla madigadi yake ya mbele iko juu na matope yanapita. Pia unakaa umenyooka, unaona juu ya paa za probox, mgongo unashukuru.

Mbona basi si ya kwanza kwa wote? Kiti. Ni milimita 825, na kama wewe ni mfupi ama nyonga imeanza kukaza, kupitisha mguu juu ya kiti chenye boksi imefungwa nyuma ni mazoezi ya asubuhi usiyoyaomba. Jaribu shourumu na viatu utakavyovaa kila siku, panda na ushuke mara kadhaa bila kushikiliwa na mtu. Kuna watu wanakata sponji ya kiti kupunguza, hiyo sawa, lakini wale wanakwambia watashusha shoki ya nyuma waambie asante, ukishusha nyuma peke yake umebadilisha venye mbele inageuka.

Utakuta pia Yamaha DT125 za zamani, zile za chifu na ofisa wa kilimo na mashirika ya misaada, watu wa rika letu tunazijua tangu utotoni na zikiuzwa kwa mnada moyo unadunda. Ni mashine ngumu lakini ni ya stroku mbili, inachoma oili pamoja na petroli, inanuka, spea za kweli si rahisi, na zile zimebaki zimefanya kazi sana. Mimi nazipenda kwa macho.

Namba tatu, hizi za kukaa umeinama kidogo, TVS Apache za 160 mpaka 200 na Bajaj Pulsar za 180 na NS200. Hapa ndio moyo wa kijana unapata kitu na akili ya mzee haikatai sana. Uzito ni kama kilo 150, kiti milimita 800 hivi, zina disku, na kuna matoleo yenye ABS, na ushauri wangu ni kwamba ukinunua kundi hili bila ABS hujafanya chochote, heri urudi namba moja ubaki na pesa yako. Thika Road hizi zinakwenda na magari bila kulia, ukitaka kulipita lori unalipita, na hiyo nguvu ya ziada ni usalama pia ukiitumia kwa akili. Fundi wa Apache na Pulsar wako wengi, spea ziko ingawa plastiki za pembeni zinauma mfuko.

Shida ni viganja. Unaegemea mbele, uzito unashuka kwa mikono, na jamu ya Jogoo Road unabana na kuachilia klachi mpaka kidole gumba kinakufa ganzi. Kama unafanya kazi ya kompyuta mchana kutwa na viganja tayari vinalalamika, omba kuipima kwa nusu saa, si ile ya kuzunguka paking ya dila. Fundi anaeza kukuwekea usukani uliopanda kidogo na ukasikia tofauti kubwa.

Namba nne ni za stima, na hapa najua nitapingwa pande zote. Roam, ile ilianza 2017 ikiitwa Opibus na kubadilisha jina 2022, wanaunganishia hapa Nairobi, halafu kuna Spiro na Ampersand wa kubadilisha betri kwa steshoni. Kwa mwili wa makamo zina zawadi kubwa, hakuna klachi hakuna giya, kiganja cha kushoto kinapumzika, hakuna joto la injini mguuni, na kimya chake ukitoka kazini umechoka ni raha mpaka unaanza kuimba kwa helmeti. Betri ya Roam Air ni karibu yuniti 3.24, hata ukihesabu stima ya nyumbani shilingi 30 kwa yuniti unajaza kwa chini ya mia, na inakutoa kilomita kama 70 na kitu kulingana na mkono wako na kilima. Na unaeza kuitoa betri ukapanda nayo ghorofani, ingawa pima kwanza kama mgongo wako unakubali kupanda nayo ngazi mpaka ya nne, juu lifti za hizi ploti tunazijua.

Nimeiweka nne na si mbili kwa sababu ya wikendi. Mtu wa Nairobi Magharibi anayeenda Upper Hill na kurudi aichukue leo. Anayetaka Magadi, zaidi ya kilomita 100 na unashuka zaidi ya mita elfu halafu kurudi ni kupanda na jua, huyo bado. Pia soma mkataba, kuna mipango betri si yako, unanunua pikipiki na kukodisha betri, na hiyo inabadilisha bei ya kuiuza baadaye. Kitu kingine, haina sauti, watembea kwa miguu wa Githurai hawageuki, utapiga honi sana.

Namba tano. Hapa ndio wengi wenu mlikuwa mnasubiri: Royal Enfield. Himalayan, Classic 350, Meteor 350, na nitaingiza Bajaj Dominar 400 hapa hapa. Sijaziweka tano kwa ubaya, nimeziweka tano kama pikipiki ya kwanza. Kama pikipiki ya pili, baada ya mwaka mmoja ama miwili ya 150, zinapanda mpaka juu.

Himalayan ya zamani ya 411 ni kilo 199 na kiti milimita 800, ile mpya ya 450 iliyotoka mwisho wa 2023 ni kilo 196 na kiti 825 unaeza kukipandisha. Classic ni kilo 195. Linganisha na Boxer, hiyo ni kama kuongeza mtu mzima wa kilo 75 aliyelala usingizi juu ya pikipiki. Ikitembea husikii, imetulia, upepo wa malori Naivasha haikusukumi. Ikisimama ndio utamjua. Geti la nyumbani lililoinama, kokoto, mguu unateleza kidogo, na mtu wa miaka hamsini na mbili akijaribu kuizuia isianguke anaumia mgongo kwa wiki, heri angeiachilia tu. Ikikushinda iachie, chuma hushonwa. Kati ya hizi mimi kwa mtu mfupi ama mama anayependa barabara ndefu ningechagua Meteor, kiti chake ni milimita 765, nyayo zote chini, unakaa kama sebuleni, na kwa barabara ya Nanyuki haina haraka lakini haichoki. Nguvu ya hizi 350 ni kama farasi 20, kwa hivyo anayekwambia ni pikipiki ya spidi hajaiendesha. Dominar ndio ina nguvu, farasi 40, na kwa hiyo nguvu ukiwa mgeni unaeza kujikuta 110 kabla ujue, na Southern Bypass ina ng'ombe.

Spea za hizi si za Kirinyaga Road ya kawaida, utaagiza na kusubiri, na fundi anayezijua utamtafuta kwa watu wanaozo. Bei ni ya kukaribia Vitz ya mtumba. Nasema tu.

Namba sita, skuta. Za aina ya TVS Ntorq 125, nyepesi, hazina klachi, unaweka shopping chini ya kiti, nguo hazichafuki, mtu wa sketi anapanda bila shida. Kama maisha yako ni Kilimani, Lavington, Westlands, Parklands na hutoki hapo, isogeze mpaka namba mbili. Lakini gurudumu la inchi 12 na mashimo ya Outer Ring usiku ni kesi mbaya, gurudumu dogo linaingia shimo ambalo la inchi 17 linaruka. Ndio sababu tu, sina neno lingine baya.

Namba saba na mwisho ni zile kubwa za mtumba, BMW GS za 1200 na 1250, Africa Twin na jamaa zao. R 1250 GS ni kilo 249. Kuna wazee wanazo na wanaziendesha vizuri mpaka Moyale na kurudi, lakini hao hawajaanza nazo, na hawahitaji huu mwongozo. Zile za bei ya chini kabisa ambazo jina linabadilika kila mwaka sijazipanga popote, spea ukiuliza mwaka wa pili duka linakwambia hiyo modeli haikuja tena.

Kabla ulipe pesa yote kwa chuma, weka kando ya mavazi kwanza. Sheria inataka helmeti na rifleksa kwako na kwa abiria, na abiria ni mmoja tu. Hiyo helmeti ya bure ya kupewa na pikipiki mpya iweke ukutani. Tafuta yenye alama ya ECE 22.05 ama 22.06, kiwango cha usalama cha Ulaya, ni kitambaa kimeshonwa kwa mkanda chenye herufi E ndani ya duara na namba, stika ya DOT, ile ya Marekani, peke yake nyuma usiiamini sana kwa sababu inachapishwa mahali popote. Ukivaa miwani enda nayo dukani, kuna helmeti zina nafasi ya miguu ya miwani na kuna zingine zitakuminya masikio mpaka kichwa kiume. Glavu, buti zinazofunika vifundo, jaketi lenye padi za mabega na viwiko, nguo za mvua. Julai ukipita Limuru saa kumi na mbili asubuhi utashukuru hata kwa gazeti kifuani.

Na macho, tafadhali. Watu wengi baada ya arobaini na tano hawaoni vizuri usiku na hawajui, wanadhani ni mataa ya siku hizi. Yale mataa meupe ya matatu na probox ni mabaya kweli, lakini enda upimwe, na helmeti yenye kioo kilichokwaruzwa ibadilishe, mwanga unatawanyika pale kwenye mikwaruzo huoni kitu. Ukiwa na dawa za presha muulize daktari kama zinakuletea kizunguzungu ukisimama ghafla, manake kushuka kwa pikipiki baada ya saa mbili ni kusimama ghafla. Bima ya lazima ni ya kumlipa yule uliyemgonga, haikulipi wewe, kwa hivyo angalia kama kuna ya ajali binafsi unaeza kuongeza, na kama una bima ya maisha soma ile sehemu ya maandishi madogo kama wanakubali pikipiki.

Ukiamua kununua ya mkono wa pili, na kwa namba moja na tatu naona ni sawa kabisa, lipa utoe rekodi yake NTSA kabla ya kuongea bei, linganisha jina na kitambulisho cha anayekuuzia, halafu piga magoti usome namba ya injini na ya chesesi kwa macho yako, ikiwa imekwaruzwa ama imepigwa upya ondoka bila kuaga. Herufi za namba zinakuonyesha umri pia, KMC ni mzee kuliko KMG, kwa hivyo mtu akikwambia ni ya juzi na namba ni ya kitambo unajua mnaongea na nani. Maileji usiiamini, kebo inatolewa. Angalia pahali abiria anakanyaga, mpira ukiwa umeisha mpaka chuma inang'aa hiyo imekuwa boda hata kama muuzaji ni mwalimu wa Sunday school, angalia keria kama ina alama za kamba, angalia welding shingoni kwa fremu. Inua mbele, geuza usukani polepole pande zote, ukisikia inashika katikati kama ina meno, beringi zimeisha. Bana breki ya mbele ukiisukuma, ikigonga gonga forki zimelegea. Cheni ivute nyuma ya sproketi, ikitoka nje sana utanunua seti mpya.

Na uende asubuhi, umwambie mwenye pikipiki asiiwashe mpaka ufike. Weka mkono kwa injini kabla ya kitu kingine. Ikiwa vuguvugu na anakwambia aliipasha kidogo ndio usisumbuke, mwambie hakuna shida, utarudi kesho ikiwa imepoa.